Muulize Sista: Titi jipya limeshapona, mbona mwili bado unagoma?

Kamwene wasomaji wangu, na wa upande wa Rungwe na Kyela mugonile. Mwezi huu barua zote ni za jambo moja, maana tangu tuongelee saratani ya matiti Oktoba simu yangu haijapoa, na wengi hawaulizi ugonjwa wenyewe, wanauliza kile kinachokuja baadae. Mtu katolewa titi, katengenezewa jingine, karudi nyumbani, watu wamekuja na sukari na mchele wametoa pole wameondoka, alafu yeye kabaki chumbani na maswali ambayo hata mama yake mzazi hawezi kuyajibu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, mi ni nesi mstaafu, nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, na mwenyewe nilitolewa titi la kushoto nikatengenezewa jingine kwa nyama ya tumbo, kwahiyo yapo nitakayojibu kwa kusomea na yapo nitakayojibu kwa sababu yalinipata. Aliyekupasua akikwambia tofauti na nilichoandika hapa msikilize yeye, yeye ndo aliyeona ndani.

Shikamoo Sista. Nina miaka 43, naishi Uyole. Hii ni wiki ya tano tangu nifanyiwe oparesheni Dar, walitoa titi lote la kulia wakachukua nyama ya tumbo wakatengeneza jingine papo hapo. Titi haliniumi, kinachonitesa ni tumbo, natembea nimeinama kama bibi, nikikohoa nalishika kwa mikono miwili. Mama mkwe alikuja toka Tukuyu kunisaidia ila naona ameanza kuchoka, anasema kidonda si kimekauka, mbona usoni umenawiri alafu ndoo hubebi, na mvua ndo hizi zimeanza watu wako shambani. Juzi nikajaribu kunyanyua ndoo nusu nikasikia kama kitu kinavutika kinataka kuchanika nikaiacha. Alafu titi lenyewe nikiligusa ni kama nashika goti la mtu mwingine, sisikii kitu. Ni kawaida au walikosea? Na usiku baridi ikizidi nawekaga chupa ya maji ya moto kifuani nikalala nayo, ina shida?

Marahaba mwanangu, pole sana. Naanzia mwisho wa barua yako maana hapo ndo nimeshtuka: hiyo chupa itoe kifuani leo leo.

Ngoja nikuambie yangu. Mwaka niliofanyiwa mimi, Juni ilinikuta nina miezi mitatu tu tangu oparesheni, na Juni ya Mbeya unaijua, mtu unalala na sweta na soksi. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, nikaifunga na kitenge, nikaikumbatia nikalala vizuri kabisa. Asubuhi navaa sidiria naona kitambaa kimelowa upande mmoja. Nikaenda kwenye kioo, lengelenge kubwa kama kifuniko cha soda, limeshapasuka. Sikusikia chochote usiku kucha! Mi nesi, nimewafunga watu waliounguzwa miaka yote hiyo, nimejiunguza mwenyewe bila kujua. Kile kidonda kilichukua wiki saba kufunga, na siku niliporudishwa nyumbani na karatasi ya dawa hakuna aliyeniambia neno moja kuhusu joto, na mimi kwa ujinga wa kujiona najua sikuuliza.

Sababu yake ni hii. Wakitoa titi wanakata mishipa ya fahamu inayoleta hisia kwenye ngozi ya kifua, na ile nyama ya tumbo wanayoleta nayo imekatwa ya kwake, kwahiyo lile titi ni nyama hai, lina damu, lina joto lake, lakini halina namna ya kukuambia linaungua. Halafu ngozi ya kawaida ikipata moto damu inakimbilia pale inapoza, hii iliyohamishwa haiwezi kupoza vizuri hivyo, ndo maana hata joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida linaweza kulibabua. Kwahiyo hapana mwanangu, hawakukosea, ganzi ni kawaida. Wengine hisia kidogo hurudi polepole, miezi mingi, hata mwaka na zaidi, mara nyingi kuanzia pembeni, lakini kurudi kama la zamani usilisubirie. Saivi macho yako ndo yafanye kazi ya ngozi. Kila asubuhi na kila usiku simama mbele ya kioo uliangalie lote, nyanyua uone na chini yake. Maji ya kuoga yajaribu kwa kiwiko cha mkono mzima kabla hujajimwagia. Ukipika uji vaa kitu kizito mbele maana ule mruko wa uji wa moto hutausikia. Baridi ikizidi weka chupa miguuni, na hata huko ifunge. Na jamani, nimeona nisiliache hili, msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga dirisha, hilo haliunguzi titi, linaondoka na nyumba nzima.

Sasa tumbo. Angalia karatasi uliyopewa unaruhusiwa, au mpigie daktari umuulize, walichukua ngozi na mafuta peke yake au walichukua na msuli? Maana ziko aina mbili. Kuna ile wanahamisha ngozi na mafuta na mishipa ya damu bila kuutoa msuli, na kuna ile ya zamani kidogo ambayo msuli wa tumbo, ule unaoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena, unahamishwa nao kwenda kifuani. Ya msuli inauma zaidi na inakawia zaidi, na tumbo linabaki na sehemu dhaifu ambayo ukiilazimisha mapema utumbo unaweza kusukuma ukatokeza, ikawa ngiri. Ile hali uliyoisikia kwenye ndoo nusu ndo mwili ulikuwa unakuonya. Simama wima mbele ya kioo, kohoa, angalia kama kuna mahali panatuna upande mmoja. Pakituna, au ukishika unasikia kama puto linaingia na kutoka, nenda hospitali usingoje tarehe ya kliniki.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Debe la mahindi ni hapo hapo. Wiki ya tano wewe hupaswi kuzidi kitu kama sufuria ya chai, tuseme kilo mbili tatu. Kazi ndogo ndogo za nyumbani watu wengi wanarudia kati ya wiki ya sita na ya nane, lakini jembe ni jambo jingine kabisa mwanangu, jembe linavuta tumbo, kifua na kwapa kwa mpigo mmoja, mi shamba nilikaa nalo mbali miezi mitatu na hata hapo nilianza kwa kupanda maharage nimekaa kwenye kigoda. Muulize daktari kabla hujashika mpini. Msimu huu mahindi yalimwe na mtu mwingine, hata kama ni kwa kibarua, hata kama ni nusu eka.

Kuhusu mama mkwe, hana roho mbaya huyo, haoni tu. Watu wa kwetu oparesheni tunayoiheshimu ni ya uzazi, mama akipasuliwa akajifungua hakuna anayemwambia abebe maji wiki sita zile. Basi mwite chumbani, funga mlango, funua umuonyeshe. Kovu lako la tumbo linaanzia nyonga hii mpaka nyonga ile, la uzazi ni kiganja tu. Muambie mama hili ni la uzazi mara mbili alafu kuna la pili huku kifuani. Mkwe wangu mimi alipoona alikaa kimya, alafu akatoka nje nikamsikia anamgombeza mwanae kwanini kuni hazijapasuliwa.

Mengine haraka haraka. Kulala, lala chali na mito chini ya magoti, tumbo linalegea. Kuamka, usijiinue kama unayekaa kitako, geuka ubavu kwanza upande usio na kidonda, shusha miguu, sukuma na mkono. Ukitaka kukohoa au kucheka bana mto mdogo tumboni. Kuinama kunapungua siku hadi siku, jinyooshe taratibu kila siku kidogo ila usibaki umejikunja kwa uoga, mgongo nao utaanza kulalamika. Na choo! Wengi hawasemi lakini zile dawa kali za maumivu zinafunga choo, na kukamua na tumbo la hivyo ni mateso ya Mungu. Kunywa maji, kula maparachichi, Rungwe mmejaliwa, na mboga za majani na papai.

Mkono nao usiusahau. Kama mirija ya kutoa maji kwenye kidonda imeshatolewa na daktari ameruhusu, simama ukitazama ukuta, weka vidole vitembee kupanda juu kama buibui, ukifika pa mwisho weka alama, kesho jaribu kuipita. Mi sikuwa na chaki, mlango wa jikoni kwangu mpaka leo una mistari ya mkaa inapanda kama ngazi, mjukuu anadhani tulikuwa tunampima yeye urefu. Usipofanya hivyo bega linaganda, utashindwa kusuka hata nywele zako mwenyewe.

Sista habari. Mimi ni mwanaume, nipo Mafinga, nafanya kazi za mbao. Mke wangu aliondolewa titi mwezi wa nne na kutengenezewa lingine. Oparesheni ilienda vizuri tunamshukuru Mungu. Tatizo anavaa gizani. Nikiingia chumbani anageukia ukutani. Mi sijali kabisa ila nikimwambia sijali analia, nisiposema anasema nimemchoka. Na kumshika naogopa nisije nikaharibu kitu. Nifanyeje? Na kuna wazee wa ukoo wameshaanza kuniambia mambo ya mke mwingine.

Kaka yangu ahsante kwa kuandika, barua kama hii kwa mwaka napata mbili.

Hao wazee wajibu siku moja, kwa heshima, mbele yake akisikia. Usimjibie pembeni alafu ukaja kumsimulia. Asikie mwenyewe kwa masikio yake.

"Sijali" ni neno baya hapo, unamaanisha vizuri lakini yeye anasikia kwamba kitu alichokipoteza hukukiona kama kitu. Yeye anajali. Katolewa sehemu ya mwili iliyonyonyesha wanao. Mwambie unaona alichopitia. Na usimwambie "mbona limefanana tu" maana halijafanana, anajua, lina kovu, pengine halina chuchu bado, halitikisiki kama lile jingine akitembea. Chuchu kwa wanaotaka hutengenezwa baadae, miezi mitatu minne baada ya titi kutulia, au rangi yake inachorwa kwa sindano kama tatuu, na wapo wanaosema hapana inatosha nimechoka visu.

Ukimshika hutaharibu kitu. Toka mwezi wa nne vidonda vimeshafunga, kama daktari hajasema vinginevyo tendo la ndoa lina ruhusa, epukeni tu mkao wa uzito wako wote kumlalia kifuani au tumboni mpaka aseme hapaumi. Ila ujue ukilishika lile titi hasikii, au anasikia kama mtu kagusa koti. Wengine inawaumiza moyo kuliko kutoguswa kabisa. Muulize anapenda wapi. Najua wanaume wa huko kwenu Mufindi kuuliza hivyo ni mtihani lakini we uliza, zima taa kama aibu imekushinda.

Kuna kitu nataka ukitazame pia, zile dawa. Kama yupo kwenye tamoksifeni, ile dawa ya kuzuia saratani ya titi isirudi, ya kumeza kila siku miaka mitano na kuendelea, inaleta joto la ghafla, jasho usiku, hasira za karibu, na ukavu ukeni. Kwahiyo akikukwepa sio lazima awe amekukasirikia, pengine inamuuma na anaona haya kusema. Kilainishi cha maji kinauzwa famasi, nunua wewe. Jambo jingine wengi hawaambiwi, dawa hiyo haizuii mimba na akishika mimba akiwa anaimeza mtoto anaweza kudhurika, na sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni hazimfai mtu wa saratani ya titi. Kwahiyo kondomu, au kitanzi cha shaba, ongeeni na kliniki.

Na siku moja ukirudi kazini, kabla hujaoga vumbi la mbao, mwambie akuonyeshe akiwa tayari yeye. Akikataa usirudie wiki hiyo. Atakuita.

Sista mambo, mi ni dada wa miaka 34 naishi Kihesa Iringa. Nimerudi toka India wiki ya tatu sasa nimewekewa titi la silikoni upande wa kushoto, kwasasa nipo Dar kwa dada nasubiri kupanda basi nirudi nyumbani. Maswali yangu: 1. mpira mmoja wa kutoa maji bado ninao, nisafiri nao? 2. hili titi limekaa juu kuliko lenzie kama linataka kupanda begani, litashuka? 3. tangu juzi chini ya titi pamekuwa pa moto na panang'aa na nahisi homa homa ila sijapima, ninywe panado?

Wapenzi wasomaji, huyu dada alianza na mpira akamalizia na homa, wakati homa ndo ilikuwa barua yote. Sikungoja gazeti, nilimpigia simu hapo hapo nikamwambia asipande basi, achukue gari aende hospitali sasa hivi. Alienda. Joto 38.6, akalazwa akaanzishiwa dawa za kuua vijidudu kwa dripu, na mpaka naandika hapa ile silikoni haijatolewa, madaktari wanaendelea kuangalia. Ameniruhusu kuichapa barua yake.

Nawaomba mliosoma hapo mshike hili, maana vitabu vinasema "angalia wekundu", na sisi ngozi zetu wekundu hauonekani kirahisi hivyo. Kwetu angalia ngozi kuwa nyeusi zaidi au zambarau kuliko jana, kung'aa kama imepakwa mafuta, kukaza, na weka mgongo wa kiganja upande huu alafu upande ule, ulinganishe joto. Ganzi inakudanganya, sehemu inaweza kuoza bila kuuma sana. Homa ya 38 na kuendelea, usaha, harufu, mshono kufunguka, titi kuvimba ghafla au kubadilika rangi, mguu mmoja kuvimba kwenye kigimbi na kuuma, kifua kubana pumzi zikawa fupi, hizo zote hazingoji kesho na hazitibiwi na panado wala majani yoyote ya kusaga. Silikoni ni kitu kigeni, vijidudu vikishaishika mara nyingine hakuna namna mpaka itolewe, ndo maana kila saa ina thamani.

Haya, mpira. Mirija ile inatoa maji yanayojikusanya mahali palipochimbwa, na kwa kawaida inatolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, wengi wanataka iwe hivyo siku mbili mfululizo. Pima kila siku saa ileile kwa kile kikombe chenye alama, andika kwenye daftari, andika na rangi ya maji yenyewe. Mwanzoni ni damu damu, alafu inakuwa kama juisi ya ukwaju, mwisho kama chai ya rangi iliyochuja sana. Ikirudi kuwa damu nyekundu ghafla, ikawa na mawingu, au ikaanza kunuka, piga simu. Kile kichupa usikiache kining'inie kwa uzito wake, mi nilikuwa nakipiga pini kwenye kamba ya kitenge niliyofunga shingoni, usiku nakilaza pembeni. Kuhusu kusafiri nao, swali ni nani atakutoa huo mpira Iringa na nani ataliangalia titi, ukishakuwa na jibu lenye namba ya simu ya mtu, ndo ukate tiketi.

Siku ukiruhusiwa, Dar mpaka Iringa ni karibu kilomita 500, chukua siti ya mbele ya magurudumu, nyuma kunarusha. Mkanda funga, usiuache, weka mto mdogo au sweta iliyokunjwa katikati ya mkanda na kifua. Basi likisimama Morogoro shuka utembee, na njiani chezesha vifundo vya miguu, maana kukaa muda mrefu baada ya oparesheni damu inaganda miguuni, na mwenye kutumia tamoksifeni hatari hiyo inaongezeka. Pale Kitonga basi linapojikunja kona baada ya kona shikilia siti kwa mkono mzima, sio ule wa upande uliopasuliwa. Begi atabeba mtu. Na ukishuka stendi usipande bodaboda, ile barabara ya kwenu Kihesa naijua.

Kukaa juu ni kawaida. Misuli ya kifua na ngozi mwanzoni imekaza, inalegea polepole, titi linashuka na kujaa chini kwa wiki na miezi, usilihukumu kabla ya miezi mitatu minne. Sidiria isiyo na waya, inayofungukia mbele, kwa muda waliokupangia. Baadae likianza kuwa gumu kama tunda bichi na kuvutwa upande mmoja, hilo sio kushuka, ni kovu linalojijenga kuizunguka silikoni na kuibana, linawapata zaidi waliopigwa mionzi, rudi wakuangalie.

Alafu umepewa kadi yenye jina la kiwanda na namba ya hiyo silikoni? Kama hukupewa waandikie wakutumie, itunze pamoja na vyeti vyako. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliziondoa sokoni duniani kote silikoni zake za uso wa kukwaruza aina ya BIOCELL, kwa sababu ya saratani moja adimu ya kinga ya mwili inayoota kuizunguka, na wanawake wasio na kadi hawakujua wamo au hawamo. Silikoni pia haikuwekwa milele, wengi hubadilishiwa au hutolewa baada ya miaka kumi na kitu, uliza mapema usije ukashangaa ukiwa na miaka 50.

Naomba kuuliza, hili titi la nyama ya tumbo saratani haiwezi kujificha humo? Nimeshika nikakuta kigumu kama punje ya harage. Mama, Makambako.

Dada, kwanza nenda kapimwe, alafu uje usome jibu. Mara nyingi kigumu cha namna hiyo ni mafuta yaliyokosa damu yakafa yakawa kokwa, hutokea wiki au miezi baada ya oparesheni na hakidhuru. Lakini kwa kidole mimi siwezi kukitofautisha na kingine na wewe huwezi, kinaangaliwa kwa altrasaundi, ikibidi wanachukua kinyama kwa sindano. Kutengenezewa titi hakuiiti saratani irudi. Ikirudi mara nyingi inaonekana kwenye ngozi, kwenye kovu au kwapani, kwahiyo hapo ndo pa kupapasa kila mwezi. Na lile titi jingine lililobaki, jamani, kliniki zake ziendelee, watu wanalinda jipya wanalisahau la zamani.

Halafu usishangae, nyama ya tumbo inabaki na tabia za tumbo. Mwaka wa pili mi nilinenepa kilo sita kwa ajili ya ndizi za ndugu zangu, na titi nalo likanenepa, sidiria zote nikagawa.

Sista mi wa Tukuyu, nilitolewa titi mwaka 2018 sikutengenezewa jingine. Nimechelewa? Na nikiamua kutofanya ni dhambi? Saivi najazia mchele kwenye soksi naweka kwenye sidiria.

Hujachelewa, linaweza kutengenezwa hata baada ya miaka, kazi ya kwanza ni kumuona daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, kwa sisi wa huku utaanzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya upate karatasi ya rufaa, aangalie ngozi yako kama ulipigwa mionzi, sukari, presha, na kama unavuta sigara utaambiwa uache kwanza maana sigara inabana mishipa ya damu na nyama iliyohamishwa inakufa. Na kutofanya sio dhambi hata kidogo. Wako wanawake wengi wameangalia hesabu, wiki nane za kutobeba kitu, kisu juu ya kisu, nauli, wakasema naishi hivi hivi, na wanaishi. Mimi nilitaka na sijutii, ila dada yangu wa tumbo moja alipopatwa alikataa na sasa analima kuliko mimi.

Ila mchele hapana! Tukuyu mvua haikatiki, siku moja utanyeshewa kanisani uanze kuvimba upande mmoja, nimeshaona kwa macho yangu mama mmoja kwenye kwaya. Na mchele ukilowa unachacha. Nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, ununue uzi laini wa pamba, mpe binti anayejua kufuma kwa sindano akufumie mfuko wa duara wenye umbo la titi, ujaze pamba ya mito, alafu katikati weka kokoto chache laini za mtoni zilizooshwa, zimefungwa kwenye kitambaa, ili upate uzito. Uzito ni muhimu, upande mmoja ukiwa mwepesi bega linapanda na mgongo unauma, na sidiria yenyewe inapanda kila ukinyanyua mkono. Kalipime kwenye mizani ya muuza nyama kama unataka kujua, ukifika muambie unapima uzi. Shona mfuko mdogo ndani ya sidiria uliweke humo lisiruke ukiinama kuchuma chai. Na fuma mawili, moja likiwa kwenye kamba linakauka, na kwa Tukuyu hilo ni siku tatu.